Roboti na Jua la Mamba

Nawasalimu mlioko Mamba, Majimoto na Kasansa, hapa Bonde la Rukwa, na nyie wa Usevya na Kibaoni mnaotupata kwa shida huku mkizungusha antena. Leo nina habari ya roboti. Tafadhali usizime redio. Sizungumzii roboti za viwanda vya magari kule Japani, wala zile za kwenye sinema zinazotaka kuitawala dunia. Nazungumzia roboti inayoundwa uani, juu ya meza ileile ya kukatia mboga, na kijana ambaye mfukoni ana hela ya bando la siku moja.

Nianze na ubovu wake, maana ndiko kuna utamu. Siku hizi vipo visanduku vya vifaa vya roboti kutoka China, vya kujifunzia. Ndani unakuta mota mbili za plastiki ya njano, magurudumu mawili, kigurudumu kidogo cha mbele, bodi ya Arduino au nakala yake, na kigari chenyewe chenye vijicho viwili chini ya tumbo. Kazi yake ni kufuata mstari mweusi uliochorwa kwenye karatasi nyeupe. Kila kijicho kina taa ndogo inayotoa mwanga tusiouona sisi, wanauita infraredi, na pembeni yake kuna kipokezi. Mwanga ukipiga penye weupe unarudi, ukipiga penye weusi unamezwa. Kijicho cha kushoto kikiona weusi, gari linakata kushoto. Cha kulia vilevile. Ndani ya chumba chenye vigae, kigari hicho kinakwenda kwenye mstari bila kuyumba.

Sasa kitoe nje, uani, pale Mamba, saa sita mchana, mwezi wa tisa. Kinapofuka papo hapo. Jua la Bonde la Rukwa nalo linamwaga infraredi, tena nyingi kuliko kitaa kile kinavyoweza kutoa. Kipokezi kinajaa mwanga hadi pomoni, na kwake weusi na weupe vinakuwa kitu kimoja. Gari linazungukazunguka, linagonga ndoo, linasimama. Kile kigurudumu cha mbele ambacho kimeundwa kwa ajili ya sakafu kimeshakula mchanga na hakizunguki tena. Watoto wanacheka. Mwenye gari anakifunga kisanduku na kusema kitu ni kibovu, cha Kichina.

Mimi nasema si kibovu. Aliyeandika kile kijitabu cha maelekezo hakuwahi kufika Mamba. Roboti imekuja haijui mahali ilipo, na kuifundisha mahali ilipo ni kazi ya aliyeinunua. Hapo ndipo ufundi unapoanza. Yule anayefuata maelekezo ukurasa kwa ukurasa hadi taa ikawaka amefanya kazi ya kuunga vipande. Anayekaa na gari lililopofuka akajiuliza limepofushwa na nini, huyo ndiye fundi.

Na dawa yake ipo. Ya kwanza ni ya mikono. Chukua ganda la kalamu ya wino iliyokwisha, kata kipande cha urefu wa kidole cha mtoto, kipake rangi nyeusi ndani na nje, kisha ukivishe kijicho kama kofia. Jua la pembeni linazuiwa, unabaki mwanga unaotoka chini tu. Dawa ya pili ni ya akili, nami naipenda zaidi. Unaiandikia bodi programu ipime mara mbili. Kwanza inazima taa yake na kupima mwanga uliopo, huo ni wa jua. Halafu inawasha taa na kupima tena. Kisha inatoa kipimo cha kwanza kwenye cha pili. Kinachobaki ni mwanga wake yenyewe uliorudi kutoka ardhini. Hesabu ya kutoa ya darasa la pili, na gari linaanza kuona tena, mradi jua halijakijaza kipokezi kabisa. Ndiyo maana ile kofia ya kalamu bado unaihitaji.

Hiyo Arduino niliyoitaja ilizaliwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwenye chuo cha usanifu, kwa ajili ya wanafunzi ambao hawakusomea umeme. Ramani yake iliachwa wazi tangu mwanzo. Ndiyo maana nakala yake ya bei poa si wizi, ni halali, mradi isijipachike jina la Arduino. Ile ya kawaida ina kumbukumbu ya programu ya kilobaiti 32 tu. Picha moja ya simu yako haiingii humo, ila programu ya kuendesha gari lile inaingia na nafasi inabaki.

Lakini haya ya bodi na programu yasikutishe ukadhani huwezi kuanza bila kisanduku. Anza na mswaki. Sikiliza. Kata kichwa cha mswaki wa zamani ambao nywele zake zimeshalala upande mmoja. Fungua simu ya kitochi iliyokufa, utoe ile mota ndogo ya mtetemo. Ni ndogo kuliko punje ya harage, na kwenye mhimili wake kuna kichuma kilichokaa upande, ndicho kinachoifanya simu itetemeke. Igandishe juu ya mswaki kwa gundi, unganisha na betri ya saa, uiweke mezani. Kitu kile kinakimbia kama mende aliyewashiwa taa. Hakina kompyuta, hakina kijicho, lakini mtoto aliyekitengeneza hatalala mapema siku hiyo. Kesho yake atainamisha nywele upande wa pili aone kama kitarudi nyuma. Ameshaanza kurekebisha.

Kutoka hapo unahamia kwa fundi redio. Kila kituo cha biashara mkoani kwetu kina fundi redio, na chini ya meza yake kuna boksi la mabaki: redio kaseti, deki za DVD, sabufa, ving'amuzi vilivyopigwa na radi. Boksi lile ndilo duka letu la spea za roboti. Nitakupa siri moja ya boksi hilo. Mota ya redio kaseti utaiona imeandikwa volti zake, mara nyingi na herufi CW au CCW, yaani upande inaozungukia. Kijana anaifunga kwenye kigari chake, kinakwenda mbele vizuri. Anageuza waya ili kirudi nyuma, kimya. Anadhani imeungua. Haijaungua. Ndani ya kopo la mota ile kuna kijisakiti cha kushikilia mwendo, ili wimbo usiende mbio wala usivutike, na sakiti hiyo inakubali umeme wa upande mmoja tu. Ukilifungua kopo kwa utaratibu, ukaitoa sakiti, ukaunga waya moja kwa moja kwenye mota yenyewe, inakwenda mbele na nyuma utakavyo. Hili hulikuti kwenye kijitabu chochote cha kisanduku, kwa sababu mwenye kisanduku hakutegemea utatumia redio kaseti.

Kitu kingine cha thamani ni gari la rimoti, lile la kichezeo linalouzwa mnadani, ambalo kwa kawaida linakufa kabla wiki haijaisha. Wengi wanalitupa. Ndani yake kuna bodi yenye sehemu ya kupokea amri na sehemu ya transista za kusukuma mota mbele na nyuma. Kinachokufa mara nyingi ni gia, au swichi, au rimoti imepotea. Transista bado nzima. Fundi anakata njia nne zinazotoka kwenye kipokezi, ya mbele, ya nyuma, ya kushoto na ya kulia, kisha anaunga hapo waya zake mwenyewe kutoka Arduino. Kichezeo kimegeuka kuwa roboti, na ile sehemu ya kusukuma mota ambayo angeinunua mjini ameipata bure.

Mtu atauliza, hivi kitu kisichokuwa na kompyuta, kama ule mswaki, kinastahili kuitwa roboti? Swali hilo lina jibu la zamani. Mwaka 1948 na 1949, huko Bristol, Uingereza, mtaalamu wa ubongo aitwaye William Grey Walter aliunda mashine mbili za magurudumu zenye gamba, akaziita Elmer na Elsie. Watu wakaziita kobe. Kila kobe alikuwa na vali mbili za redio, kijicho kimoja cha mwanga, kiguso kimoja na mota mbili, na baadhi ya vipande vilitoka kwenye saa za mezani na mita za gesi. Kobe yule aliufuata mwanga, akikwama anajinasua, na betri ikipungua anarudi kwenye kibanda chake chenye taa kujichaji. Vali mbili tu, msikilizaji! Hata redio ya babu yako ilikuwa na zaidi ya hizo. Ikiwa ile ilikuwa roboti, na wataalamu wanasema ilikuwa, basi fundi wetu mwenye boksi la transista asione haya.

Wala sisi hatuko mbali na mambo haya kama tunavyodhani. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Kongo, injinia Thérèse Izay Kirongozi na wenzake waliweka roboti za kuongoza magari kwenye njia panda za Kinshasa mwaka 2013. Yalikuwa majitu ya alumini yenye urefu wa mita mbili na nusu hivi, yaliyopata umeme wa jua. Kuna waliocheka. Mimi naangalia tu ule uamuzi wa alumini na sola: ni uamuzi wa mtu anayelijua joto la kwao na umeme wa kwao.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Kitengela, Kenya, ukingoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Richard Turere, kijana wa Kimaasai, alikuwa na jukumu la kuchunga ng'ombe wa baba yake. Usiku simba wanatoka hifadhini na kuua mifugo. Nyie mnaopakana na Hifadhi ya Katavi mnajua kukaa jirani na wanyama ni kitu gani. Kwanza akajaribu moto, akaona kumbe unawamulikia simba njia ya zizini. Akajaribu sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba waligeuka, ya pili wakaona kitu chenyewe hakisogei, wakaingia. Usiku mmoja alikuwa anazungukazunguka zizini na tochi, simba hawakuja. Akaelewa kwamba kinachowatia hofu ni mwanga unaotembea.

Sasa angalia alichofanya, akiwa na miaka 11 hivi. Alikuwa ameshajifundisha umeme kwa kuifumua redio mpya ya mama yake, na adhabu yake unaweza kuikisia. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola ya kuichaji, swichi, taa ndogo kutoka kwenye tochi zilizovunjika, na flasha ya indiketa ya pikipiki. Flasha ile kazi yake ni kuwasha na kuzima taa unapotaka kukata kona. Akazipanga taa kuzunguka zizi, zikielekea nje. Kwa simba, pale panatembea mtu mwenye tochi usiku kucha. Richard yuko ndani, amelala. Majirani wakamwomba awafungie na wao. Mwaka 2013 alisimama kwenye jukwaa la mkutano wa TED, Marekani, akaeleza kwa maneno machache na kwa aibu ya kitoto, ukumbi ukampigia makofi.

Hakuna kipande hata kimoja kwenye mtambo ule ambacho hakipatikani Mamba. Flasha ya indiketa? Nenda kijiwe chochote cha bodaboda.

Sasa na sisi tuna simba wetu, ni wadogo na wana mabawa. Bondeni kwetu mpunga ukianza kuweka maziwa, watoto wanahamia shambani kuamia ndege. Alfajiri mpaka jua linazama, debe mkononi, sauti inakauka, na shule inasubiri. Wengine wanatandaza kanda za kaseti juu ya mpunga, upepo ukipita kanda inavuma na kumetameta. Ni mbinu nzuri. Ikifika siku isiyo na upepo, ndege wanakula kwa raha.

Kijana anayependa roboti na anayechoka kuamia ndege anaweza kuunda mwamizi wa chuma. Msukumo unatoka kwenye mota ya waipa ya gari bovu. Mota ile ni ya volti 12, inazunguka polepole na ina nguvu za ajabu, kwa sababu ndani kuna gia ya skrubu. Funga mkono wake na kamba, kamba ipite juu ya vigingi vya mti, na kila baada ya hatua kadhaa tundika makopo yenye kokoto. Mota ikizunguka, mstari mzima unapiga kelele kutoka mwisho hadi mwisho wa jaruba. Betri ni ya pikipiki.

Hapa wengi wanasema, "Betri ya pikipiki itakwisha asubuhi." Tupige hesabu. Tuseme mota inakula ampea 4, na inafanya kazi sekunde 5 kila baada ya dakika 10. Kwa saa 12 za mchana ni mara 72. Zidisha kwa 5, unapata sekunde 360, yaani dakika 6 kwa siku nzima. Ampea 4 kwa dakika 6 ni ampea-saa 0.4. Betri ya pikipiki mara nyingi ina ampea-saa 5 au zaidi. Paneli ndogo ya wati 10, jua likiwa kali, inarudisha kilicholiwa kwa muda usiofika saa moja na nusu. Jua lililolipofusha gari letu mwanzo wa mazungumzo sasa ndilo linalolisha mwamizi.

Kuna atakayetaka kuongeza kile kihisi cha mwendo, kinachowasha taa za geti mtu akipita. Asijisumbue. Kihisi kile kinategemea joto la mwili kuwa tofauti na joto la nyuma yake. Mchana wetu, ardhi ikishapata moto sawa na mwili wa kiumbe, hakioni kitu, na ndege ni mdogo mno kwake. Bora saa ya kupimia muda kuliko kihisi kinachodanganya.

Tena saa yenyewe isiwe ya kupiga kila baada ya dakika kumi kamili. Ndege huzoea. Kama simba walivyoijua sanamu siku ya pili, mnana atajua kwamba kelele ikishapita kuna dakika kumi za kula. Hapo ndipo flasha ya pikipiki haitoshi, na bodi ya Arduino inaanza kulipa gharama yake: unaiambia ichague muda wowote kati ya dakika 3 na 15, bila mpango. Ina ujanja wake kidogo. Bodi ikizimwa na kuwashwa huanza na mfuatano uleule wa namba, kwa hiyo mafundi huiamuru ikisome kwanza kipini kimoja kisichounganishwa na kitu, kinachookota kelele za umeme hewani, ianzie kuhesabu hapo.

Nisikudanganye lakini. Kwelea kwelea wakija kwa kundi la milioni, kila mmoja anakula kama gramu 10 kwa siku, hiyo ni tani 10, na hakuna makopo yatakayowazuia. Hiyo ni kazi ya serikali na ndege za kunyunyizia dawa. Mwamizi wetu ni wa shomoro, mnana na vikundi vidogo, ili mtoto akae darasani siku tatu kati ya tano badala ya kukosa wiki nzima.

Neno kwa wazazi. Mtoto akienda kwa fundi redio, akasema shikamoo fundi, naomba niangalie, fundi akajibu, "Marahaba mwanangu, kaa pale, usiguse ile TV ya chogo," mwache akae. Na amsikilize fundi. TV ya chogo huhifadhi umeme mkali hata ikiwa imechomolewa ukutani. Betri za laptopu zilizovimba zisitobolewe, zinawaka moto usiozimika kwa urahisi. Risasi ya kulehemu, hiyo waya laini ya kijivu, mara nyingi zaidi ya theluthi yake ni madini ya risasi, yaleyale yaliyomfanya Mwingereza alete reli kutoka Kaliua mpaka Mpanda kufuata mgodi. Ni sumu ikiingia tumboni, hasa kwa mtoto. Dirisha liwe wazi, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya ugali.

Mtaala mpya ulioanza mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari, na nimefurahi. Ila ningependa walimu wa fizikia wamwite yule fundi redio mara moja kwa mwezi, aje na boksi lake. Anajua kwa nini mota ya kaseti hairudi nyuma. Vitabu vingi havijui.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Jambo moja tu kabla sijaondoka: yule mnunuzi wa chuma chakavu akipita na mizani yake, usimpe deki ya DVD ikiwa nzima. Itoe kwanza ile mota inayosukuma trei, pamoja na mkanda wake wa mpira na gia zake. Kwenye mizani yake haiongezi hata shilingi.